Wembe wa Kukunja na Mbavu Zake

Mwanafunzi akisikia msemo "wembe ni ule ule" haichukui muda kuelewa maana yake: uliomnyoa fulani ndio utakaomnyoa na mwingine. Lakini mwulize huo wembe ni upi, naye atakuchorea hewani kile kipande chembamba cha chuma chenye makali pande mbili, kinachouzwa dukani kikiwa ndani ya karatasi. Hapo msemo unayumba. Wembe wa aina hiyo haukai kuwa ule ule. Hutumika mara tatu nne, ukatupwa, ukachukuliwa mwingine. Msemo unataka wembe unaonolewa, unaofutwa na kurudishwa mahali pake, na unaomngoja mteja wa kesho baada ya kumhudumia wa leo.

Makala haya yanauhusu wembe mmoja wa namna hiyo: wembe wa kukunja, ambao vinyozi wengi wa Afrika Mashariki waliutumia hadi siku za karibuni. Siku hizi wapo watu wanaozitafuta nyembe hizi kuukuu, wakazitoa kutu na kuzitengenezea mipini mipya. Mimi ni mmoja wao. Naandika juu ya kazi hiyo katika jarida la idara ya Kiswahili kwa sababu kila ninapofungua wembe wa zamani nakuta historia ya sehemu zetu imebanwa ndani, na sehemu yake kubwa haina maandishi.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Wanyarwanda husema urwembe, na hakuna Mswahili atakayehitaji mkalimani. Luganda limeshika njia nyingine: akamwano, kutokana na kitenzi okumwa, yaani kunyoa. Katika Kiswahili, liweke neno wembe kando ya jembe, kisha ondoa kiambishi cha ngeli katika kila moja. Yote mawili yanabakiza -embe. Kwa sikio langu si ajabu: mkulima na kinyozi wote wameshika bapa la chuma lenye makali, mmoja anafyeka ardhi na mwingine kidevu. (Embe la mtini halimo katika hesabu hii, hilo lilikuja na jina lake kutoka ng'ambo ya bahari.)

Sasa umbo. Wembe wa kukunja una bapa la chuma lenye mgongo mnene na makali membamba, shingo inayoshikwa kwa vidole, na mkia uliopinda kidogo wa kufungulia. Mpini wake si kipande kimoja kama wa kisu au wa jembe. Ni vibao viwili vyembamba vilivyosimama sambamba, na bapa hulala katikati yake. Waingereza huviita kwa neno lile lile la magamba ya samaki. Mimi nitaviita mbavu, na msomaji ambaye kinyozi wa kwao ana jina bora zaidi atuandikie. Mbavu hizo hushikwa kwa ribiti mbili au tatu: moja kwenye shingo, ambayo ndiyo egemeo la kukunjia, na nyingine upande wa pili, ambako katikati huwekwa kabari ndogo. Bila kabari hiyo mbavu hubanana, bapa likagusa mpini, na makali yakaharibika kila unapoufunga.

Bapa lenye jina

Nyembe kuukuu nyingi zilizotufikia zimetoka miji miwili, Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani. Mafundi wa visu wa Sheffield walikuwa na chama chao kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624. Ila feleji yenyewe waliyokuwa wakiitumia haikuwa na ubora ulio sawa mahali pote hadi miaka ya 1740, fundi saa aitwaye Benjamin Huntsman alipoanza kuyeyusha chuma ndani ya vyungu vya udongo mgumu. Alikuwa anatafuta springi nzuri za saa. Akapata chuma ambacho kingeweza kunolewa kikawa chembamba bila kumegeka, na wembe ukanufaika kuliko saa. Ndiyo maana kwenye shingo za nyembe za zamani za Kiingereza utasoma maneno yanayosema kwamba chuma hicho kimeyeyushwa na kumiminwa. Lilikuwa tangazo la biashara.

Shingo ya wembe husomwa kama ukurasa wa kwanza wa kitabu. Herufi W na R zikiwa na taji katikati ni za Mfalme William wa Nne, aliyetawala kati ya 1830 na 1837. Maneno ya "feleji ya fedha" yalienea baada ya majaribio ambayo Michael Faraday, yule mwanasayansi wa umeme, aliyafanya pamoja na fundi visu James Stodart kuanzia 1818, wakichanganya chuma na madini mengine, fedha ikiwamo. Nyembe nyingi zilizobandikwa jina hilo baadaye hazikuwa na fedha hata chembe, lakini jina lilipendeza. Na ukikuta jina la nchi limeandikwa, kuna sababu mbili za kisheria. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa, kwa sehemu kutokana na malalamiko ya watu wa Sheffield kwamba Wajerumani wanauza visu vyenye alama za kuwahadaa wanunuzi. Kisha ushuru wa McKinley wa 1890 ukailazimu kila bidhaa inayoingia Marekani kutaja nchi ilikotoka. Kwa hiyo wembe wenye neno "England" au "Germany" kwa kawaida ni wa baada ya hapo. Sheria ya kwanza ilikusudia kuwaaibisha Wajerumani. Matokeo yake ni kwamba dunia nzima ilijifunza kuyatafuta maneno hayo.

Yako mengine ambayo shingo haiyasemi. Bapa lilichongwa kwenye mawe makubwa ya kuzunguka, na aliyeketi mbele ya jiwe alivuta vumbi la mawe na chuma kutwa nzima. Wachongaji wa Sheffield walikufa mapema kwa maradhi ya mapafu, na madaktari wa mji huo waliandika juu ya vifo hivyo tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Jina lililogongwa ni la mwenye kiwanda.

Tunayo methali isemayo kinyozi hajinyoi. Mwaka 1769 fundi visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima cha kuipinga, ingawa hakuwahi kuisikia. Kitabu chake, La Pogonotomie, kilimfundisha mtu kujinyoa mwenyewe, na ndani yake alieleza kinga ya kuuvika wembe ili usikate sana. Wazo hilo la kinga lilikaa zaidi ya karne moja kabla ya King Gillette kuliunganisha na bapa la kutupa. Kampuni yake iliuza nyembe 51 tu na mabapa 168 mwaka 1903. Hataza yake ilitolewa 1904, na katika Vita ya Kwanza ya Dunia serikali ya Marekani iliwanunulia askari wake nyembe milioni 3.5 na mabapa milioni 32. Askari walirudi makwao na mazoea mapya. Kwetu, wembe wa kukunja uliendelea kuishi kwa vinyozi kwa miongo mingi zaidi, hadi kampeni za kujikinga na UKIMWI za miaka ya 1980 na 1990 zilipowataka watu wasichangie wembe. Ushauri ule ulikuwa wa haki. Kinyozi wa leo anayetumia wembe wa kukunja huwa ameshika mpini wenye nafasi ya kuchomeka bapa jipya kwa kila mteja.

Mpini usio na jina

Mbavu za nyembe nyingi zilikuwa za pembe ya ng'ombe au nyati, iliyolainishwa kwa moto na kukandamizwa ndani ya kalibu. Za bei zilikuwa za ganda la kasa aina ya ng'amba, au za pembe za ndovu. Hapo ndipo pwani yetu inapoingia.

Kitabu cha baharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya 1 BK, kinaitaja bandari ya Rapta katika pwani ya Azania. Bidhaa zilizotoka kwake ni pamoja na pembe za ndovu, pembe za kifaru na maganda ya kasa. Zilizoletwa ni mikuki, mashoka, visu na maharazi. Soma orodha hizo mbili mara ya pili: makali yanaingia, mipini inatoka. Sidai kwamba mwandishi yule alikuwa akiwaza nyembe. Ila mpangilio huo wa biashara ulikuwa ungali vile vile miaka 1800 baadaye, wakati Unguja ilipokuwa soko kuu la pembe za Afrika Mashariki na feleji ya Sheffield ilikuwa ikisifiwa kote duniani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili chanzo kizuri cha habari za kipindi hiki kipo katika lugha yenyewe. Ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, simulizi aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki 1905, na ambayo W. H. Whiteley aliitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Mara nyingi tunawapa wanafunzi kitabu hiki kama mfano wa nathari ya kale, tukasahau kukisoma kama daftari la mfanyabiashara. Pembe hupimwa kwa frasila, kiasi cha pauni 35 kila frasila. Kamusi za zamani zinatupa pia majina ya pembe ndogo, kalasha na buri, ambayo leo ni nadra kumsikia mtu akiyatamka. Msamiati huo umekufa pamoja na biashara yake, na sisemi kwamba nausikitikia. Lakini bila ya kuujua, mwanafunzi hawezi kufahamu ni mzigo gani uliokuwa ukitembea kutoka Kasongo na Nyangwe katika Manyema, kupita Ujiji na Tabora, hadi Bagamoyo.

Nani aliyeubeba? Vitabu vya zamani vya shule vilipenda kusema kuwa kila pembe ilibebwa na mtumwa, ambaye mwishoni aliuzwa pamoja nayo. Watafiti, hasa Stephen Rockel katika kitabu chake cha 2006, wameonyesha kwamba katika njia kuu ya kati wapagazi wengi, Wanyamwezi zaidi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye taratibu na heshima ya kazi yao. Marekebisho hayo ni muhimu. Hata hivyo yasitumike kuisafisha Manyema, ambako pembe zilipatikana kwa bunduki, vijiji vikateketezwa na watu wakachukuliwa mateka. Ndovu nao waliuawa kwa maelfu, na kila mwaka misafara ilibidi iende mbali zaidi na pwani.

Kutoka Unguja pembe zilisafiri hadi Bombay na London, zikapigwa mnada. Sheffield ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Kampuni ya Joseph Rodgers, iliyopewa idhini ya kifalme mwaka 1822, ilijulikana kwa shehena yake ya pembe kama ilivyojulikana kwa makali yake. Pembe ya mashariki ilipendwa kwa kuwa laini na nyeupe, rahisi kuchonga. Sasa chukua wembe wa Rodgers wenye mbavu za pembe. Chuma kina jina, alama ya nyota na msalaba, na mji. Ubavu hauna hata nukta. Huwezi kusema ndovu huyu alianguka wapi, wala mzigo ulipita mkononi mwa nani.

Bei ya pembe ilipopanda watu walianza kutafuta mbadala. Kampuni moja ya mipira ya biliadi huko Marekani ilitangaza mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevumbua kitu cha kuchukua nafasi yake. John Wesley Hyatt alijitosa, na mwaka 1870 akapata hataza ya seluloidi, mchanganyiko wa pamba iliyotiwa asidi na kafuri. Mwisho wa karne hiyo mbavu za nyembe nyingi zilikuwa za seluloidi: nyeupe kuiga pembe za ndovu, za madoa kuiga ganda la kasa, nyeusi kuiga mpingo. Uisugue kwa kidole gumba na utaisikia harufu ya kafuri, harufu ambayo kwa wengi wetu ni ya sanda na maziko.

Harufu hiyo haikosei sana. Seluloidi huoza kwa ndani. Baada ya miaka hamsini, themanini, mia, huanza kutoa mvuke wa asidi, na mvuke huo huanza kula chuma kilicho karibu. Ukifungua wembe wenye mpini wa namna hiyo, mara nyingi utaona mgongo na mkia ni vizima, lakini sehemu ya bapa iliyolala kati ya mbavu imejaa mashimo ya kutu. Mbavu za pembe za mwaka 1850 zingali imara. Zile zilizobuniwa kuziokoa pembe ndizo zinazoangamiza wembe.

Kazi ya mkono

Ndiyo maana swali la mpini mpya hujitokeza. Pembe za ndovu hazimo katika majibu. Julai 1989 Kenya iliteketeza tani 12 za pembe katika hifadhi ya Nairobi, na mwaka huo huo nchi wanachama wa mkataba wa CITES walikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Wembe uliokuja na mbavu za ndovu zikiwa nzima hubaki nazo. Huzing'oi, huzing'arishi zikawa kama mpya, na huzipeleki mpakani bila vibali. Kwa wembe uliooza mpini yapo mambo mawili mazuri karibu nasi. Moja ni mpingo, mti unaomea hasa Tanzania na Msumbiji, mzito kiasi cha kuzama majini, ule ule unaotengenezewa zumari za okestra za Ulaya. La pili, ambalo mimi nalipendelea, ni pembe ya ng'ombe wa Ankole. Haigharimu maisha ya mnyama wa ziada, kwa kuwa ng'ombe alichinjwa kwa nyama, na inafanana zaidi na nyenzo ya nyembe nyingi za mwanzo.

Lakini chuma kitangulie. Kwanza vichwa vya ribiti hupunguzwa kwa tupa, kisha pini husukumwa nje taratibu kwa msumari uliokatwa ncha. Ukilazimisha, ubavu hupasuka. Bapa hulazwa ndani ya mafuta ya cherehani siku moja au mbili. Baada ya hapo ni msasa na vidole: namba 400, 600, 1000, hadi 2000, ukisugua kwa kufuata upande mmoja. Mashine ya kusagia isikaribie. Feleji ya wembe ilikazwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ikipata joto upya hadi igeuke samawati, ugumu wake umekwenda na hakuna jiwe litakaloirudishia makali. Kipimo changu ni kidole. Kikichomwa, bapa linaingia majini.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi, nionavyo mimi, hulikosea kwa makusudi. Wanataka wembe ung'ae kama kioo, kwa hiyo husugua shingo mpaka mashimo yote ya kutu yatoweke. Maandishi nayo hutoweka. Wembe wa miaka 130 unabaki kuwa kipande cha chuma kizuri kisicho na mji, mwaka wala fundi. Mashimo machache kwenye shingo hayamkati mtu. Mimi huyaacha, nikasafisha herufi kwa kijiti cha mwanzi na mafuta, basi. Kutu inayopaswa kuondolewa yote ni ile iliyo karibu na makali, kwa kuwa makali yakifika kwenye shimo yatamegeka. Shimo likiwa refu mno, wembe huo ni wa kutazamwa, si wa kunyolea.

Pembe hukatwa kwa msumeno wa chuma kutoka sehemu pana karibu na shina, ambayo ina uwazi ndani. Kipande huchemshwa hadi kilegee, kisha hubanwa kwenye jiliwa kati ya vibao viwili na kuachwa siku kadhaa. Mwenye haraka hukitoa kesho yake, nacho hujikunja tena kikakumbuka ng'ombe. Vipande viwili vya sentimita 15 hupunguzwa hadi unene wa milimita 3, vikabandikwa pamoja kwa gundi ya muda ili vichongwe kama kitu kimoja. Matundu ya ribiti hutobolewa kabla ya kuvitenganisha, kwa keekee ya milimita 1.6. Ukitoboa kila ubavu peke yake, tofauti ya unywele mmoja itatosha kuufanya wembe ujifunge kishoto. Vumbi la pembe linanuka na vumbi la mpingo linawasha, funika pua.

Kabari huchongwa kwa pembe hiyo hiyo, nene upande mmoja na kupungua upande mwingine. Zamani nyingine zilikuwa za risasi, nazo nazibadilisha. Kisha hukatwa waya wa shaba ya manjano, huwekwa washa ndogo kila upande, na kichwa hugongwa kwa nyundo nyepesi. Hapa nguvu haina kazi. Ugonge kama unayebisha mlangoni kwa wakwe, mara nyingi na kwa adabu, mpaka shaba itandaze ukingo wake juu ya washa.

Kunoa huja mwisho. Bapa hulazwa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, kwa sababu unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Fundi wa mwanzo alikwisha kupiga hesabu hiyo. Kutoka jiwe la kati huenda kwenye jiwe laini, na kutoka hapo kwenye ukanda wa ngozi, ambako wembe huvutwa mgongo ukitangulia.

Kabla ya kuzifunga mbavu, upande wa ndani ambao hakuna atakayeuona mpaka wembe ufunguliwe tena, nakwaruza kwa sindano mahali pembe ilipotoka, aina ya ng'ombe na mwaka. Halafu naukunja mara moja kujaribu. Ukiwa umekaa sawa, bapa hushuka katikati ya mbavu bila kugusa upande wowote.